Kwa wazazi mnaowaongezea watoto umri kwenye simu

Wapendwa wazazi katika Kristo,

Nimeiahirisha barua hii kwa majuma matatu nikisubiri hasira inipungue, nami naona haijapungua vya kutosha. Basi mnivumilie kama wajukuu wamvumiliavyo babu anayekohoa katikati ya hadithi.

Jumapili moja, baada ya ibada, niliketi kwenye benchi la nyuma nikingoja watu wapungue mlangoni. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja, mtu wa maombi na mwalimu mzuri wa Neno, akimfungulia binti yake wa miaka kumi akaunti kwenye mtandao wa kijamii ambao wenzake walikuwa wameshajiunga nao. Simu ilipouliza tarehe ya kuzaliwa, mtoto aliweka mwaka wake wa kweli, kwa kuwa hakujua kwamba upo mwingine wa kuweka. Programu ikamkatalia. Akamtazama baba yake, baba akaichukua simu, akairudisha miaka nyuma kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, hata akafika 2004, kisha akasema, "Haya, sasa wewe ni mtu mzima." Wakacheka wote wawili. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu pamoja nao. Hasira ilinikuta njiani nikirudi nyumbani, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe niliyenyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazazi wenzenu kuhusu jambo hili, na jibu ninalopewa karibu kila mara ni kwamba hizo ni tarakimu tu, wala hakuna anayedhurika. Wanangu, ngojeni kidogo. Umri wa miaka 13 ambao mitandao mingi inaudai unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozikataza kampuni kukusanya taarifa binafsi za mtoto aliye chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi kuwafungia mlango watoto hao kuliko kuhangaika kutafuta idhini. Maana yake ni kwamba hata hiyo 13 haikupimwa kwa ukomavu wa moyo wa mtoto, na mzazi anayesema mwanangu atangoja mpaka 15 au 16 asichekwe kuwa ni wa zamani. Australia, tangu Desemba 2025, inaidai mitandao mikubwa iwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Serikali ya watu imefika huko, nasi tuliobatizwa tunasogeza miaka kwa kidole gumba.

Tena mashine huamini inachoambiwa. Mwaka 2024 Instagram ilianza kuziweka akaunti za walio chini ya miaka 18 katika hali ya faragha, ili mtu asiyefahamika asiweze kumwandikia kijana ovyo. Binti aliyezaliwa 2004 kwa mkono wa baba yake hapewi ulinzi huo. Huhesabiwa mtu mzima, huletewa yanayoletwa kwa watu wazima, na mgeni anayegonga usiku humkuta mlango uko wazi. Siku atakapoandikiwa jambo la kumtia hofu atashindwa kulisema, maana kulisema ni kuufichua pia ule uongo wa kwanza, ambao alifundishwa ndani ya nyumba ya Bwana na mtu anayempenda kuliko wote. Bwana wetu alisema maneno yetu yawe "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo", wala sioni mahali aliposema isipokuwa kwenye fomu za simu. Kuhani Eli alihukumiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe asiwazuie. Lakini hata Eli, pamoja na udhaifu wake wote, hatusomi kwamba aliwashika mkono akawapitisha.

Najua mnachoka. Mnarudi jioni mkiwa hoi, mtoto analia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeachwa nyuma, na simu humnyamazisha kuliko wimbo wowote niliowahi kuwaimbia wanangu. Siwalaumu kwa uchovu huo.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Usiku simu zote zilale sebuleni, zenu zikiwemo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefika mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Zimeni ule utaratibu wa video kuanza yenyewe baada ya nyingine. Msiweke picha ya mtoto mtandaoni kabla ya kumwuliza. Na mtoto akija mwenyewe kukuambia ameona uchafu, usimpige, wala usimnyang'anye simu papo hapo. Nimemwona mmoja aliyechapwa kwa kusema kweli, na tangu siku hiyo hakumwambia mama yake jambo lingine.

Sisi wa kanisani nasi tuna deni. Tunahubiri juu ya hatari za simu, kisha tunatangaza kwamba mazoezi ya kwaya ya watoto na masomo ya shule ya Jumapili yatatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na asiye na simu atajua mwenyewe. Hilo nimelipeleka kwenye kikao cha wazee, na sijapata jibu. Kumbukumbu la Torati inatuagiza kuwafundisha watoto tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Zihesabuni hizo nyakati nne, mkajiulize katika ipi kati yake mkono wenu huwa hauna simu.

Ninachowaomba ni kimoja. Ketini na mtoto, mfungue akaunti yake pamoja, mwangalie mwaka ulioandikwa humo. Kama hajafika 13, ifuteni akiwa anatazama. Kama amefika, andikeni mwaka wa kweli, na programu ikikataa kuubadilisha, futeni mwanze upya. Kisha mwambieni kwa kinywa chenu kwamba mlikosea, na mmwombe msamaha. Atalia, na huenda akanuna juma zima. Mjukuu wangu amenionyesha mahali pa kufutia, nami nimepaandika kwenye karatasi niliyoitia ndani ya Biblia yangu. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakuwa kwenye benchi lile lile la nyuma. Asiyejua pa kubonyeza na aje, na yule baba nimeshamwekea nafasi.

Ni mimi, mzee wenu.