Barua ya wazi kwa Waziri: mpimeni mwanangu kichwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima zote. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, ila juzi nimekusikia jukwaani ukisema wizi uko kwenye damu, na watu wakakupigia makofi. Mwanangu ana miaka 19, yuko rumande kwa mara ya tatu. Damu yake ni yangu. Ahsante kwa kunijulisha kwamba mwizi nilimzaa.

Mpaka alipofika miaka 16, mtoto huyu nikimtuma dukani alirudisha chenji yote. Kisha akaanguka na pikipiki, akazimia siku mbili. Juu ya jicho la kushoto ana kovu. Ukipitisha kidole unasikia mfupa umebonyea. Aliyerudi nyumbani sikumjua. Baiskeli ya jirani aliichukua mchana kweupe, akapita nayo mbele ya mwenyewe huku anacheka. Mwizi gani huyo, Mheshimiwa?

Nyuma ya paji la uso ndiko iliko breki ya mtu. Hata kwa kijana asiyeumia, sehemu hiyo ya ubongo haikomai mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 1848 huko Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli, alipenywa na chuma kichwani. Alipona, lakini rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Hakuna aliyeitaja damu.

Hayo ya mhalifu wa kuzaliwa ni ya Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyepima mafuvu na mataya, kitabu chake kikatoka 1876. Yalishatupwa. Jeni zina mchango wake, sikatai. Lakini utafiti wa New Zealand wa 2002 uliona wavulana wenye aina dhaifu ya MAOA, jeni inayosaidia kuvunja kemikali za ubongo, wakielekea ukatili hasa pale walipoteswa utotoni. Nanyi mnamlaza wangu sakafuni, mnamzaba makofi ya kisogoni, kichwa hichohicho!

Uliahidi mwenyewe, mbele ya kamera, kila kijana anayeingia mahabusu atapimwa na daktari. Miaka miwili hiyo. Nimefuatilia mara nne. Karani anasema faili liko kwako.

Labda ni jeraha, labda ni umri, labda ni marafiki. Mimi si daktari, ndiyo maana naomba daktari. Siombi aachiwe. Baiskeli nimeshailipa. Naomba apigwe picha ya kichwa kabla hakimu hajasoma hukumu tarehe 14. Picha moja tu, Mheshimiwa. Hata gharama nitatoa mimi.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mama yake