Kasi ya intaneti ipimwe chumba kwa chumba kabla mteja hajauziwa kifurushi kikubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niwaeleze wenzangu, na zaidi kampuni zinazotufungia intaneti majumbani, jambo ambalo nililipia fedha za miezi minne kabla sijalielewa. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, si mbali na Mtaa wa India, na kazi yangu ya sasa ni kusahihisha miswada ninayoipokea na kuirejesha kwa intaneti. Binti yangu naye husomea chumba cha nyuma, na mara tatu kwa wiki hulazimika kumfuata mhadhiri wake mubashara, kwa picha na sauti.

Fundi aliyetufungia alikuwa kijana mwenye adabu na mwepesi wa kazi. Aliupitisha waya wa faiba dirishani mwa sebule, akaiweka ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, papo hapo juu ya kabati, nyuma ya televisheni, akapima kwa simu yake akiwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, akaona megabiti 19 kwa sekunde katika kifurushi cha 20, akaaga. Kwa pale aliposimama, hakukosea. Lakini chumba cha nyuma kasi haikufika hata 2, picha ya mhadhiri ikawa inaganda katikati ya somo, na nilipopiga simu huduma kwa wateja nikajibiwa, "Mzee, kifurushi chako ni kidogo kwa matumizi yenu." Nikapanda hadi kifurushi cha 40. Sebuleni kasi ikaongezeka kweli, chumba cha nyuma ikabaki palepale. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwani maji yakiongezwa kwenye bomba kuu na mfereji wa uani usibadilike, kilichoziba kimo ndani ya nyumba.

Kipimo kilichonifumbua macho kilinichukua dakika kumi. Kwanza niliunganisha kompyuta na ruta kwa waya, bila waifai, nikakuta karibu megabiti zote ninazozilipia zinaingia. Basi kampuni haikuninyima kitu. Kisha binti yangu akashika simu, tukatembea naye kutoka kabatini kwenda nyuma, tukisimama na kupima kila baada ya hatua chache. Sebuleni 38. Mlangoni, bado ndani ya sebule, 35. Tulipovuka kizingiti na ukuta ukawa kati yetu na ruta, 11. Ukuta wa pili ulipotukinga, akaniambia, "Baba, imefika moja na nusu." Mita hazikuwa nyingi, ila kuta zilikuwa mbili, na anayezijua nyumba zetu anajua kuta hizo ni za namna gani: matumbawe na chokaa, unene wake karibu dhiraa nzima, zilizojengwa kuzuia joto. Huzuia na mawimbi.

Hapa ndipo penye elimu ambayo hatupewi. Ruta nyingi zinazofungwa siku hizi hurusha mawimbi kwa masafa mawili, yaani kwa mitetemo ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ni mepesi na yana nafasi kubwa, lakini hudhoofika upesi yakikuta ukuta. Ya 2.4 hupenya vizuri zaidi na hufika mbali, ila kasi yake ni ndogo na yamesongamana, kwa kuwa yanatumiwa pia na bluututhi na hata jiko la mikrowevu. Ruta yetu ilikuwa imeyaficha yote mawili chini ya jina moja, ikiiachia simu ichague, na simu ya binti yangu, iliyokuwa imeshika masafa ya 5 sebuleni, iliendelea kuyang'ang'ania hadi chumba cha nyuma ambako yalikuwa yamebaki kivuli tu. Kwa upande mwingine, simu nyingi za bei nafuu haziyaoni kabisa masafa ya 5, kwa hiyo mwenye simu hizo hata akikaa juu ya ruta hawezi kupata kasi aliyoahidiwa mwenzake.

Nilifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao anwani na nywila yake huwa zimebandikwa chini ya kifaa chenyewe, nikayapa masafa hayo majina mawili tofauti. Chumba cha nyuma kikahamia 2.4, kasi ikapanda hadi 6 mchana, lakini usiku ikaporomoka tena. Sababu ilikuwa majirani. Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, yaani njia ndogondogo, zilizokaribiana mno, na miongoni mwake zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Programu ya bure niliyoipakua kwenye simu ilinionyesha ruta nane zinazosikika kutoka kwangu, tano kati yake zikiwa chaneli ya 6 pamoja na yetu. Nikaihamishia yetu chaneli ya 1, nikapunguza na upana wa chaneli kuwa megahezi 20, kwa sababu upana mkubwa katika mtaa uliosongamana hukaribisha vurugu tu.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ilikuwa kuihamisha ruta. Nilinunua waya wa mita 15, nikaitoa nyuma ya televisheni nikaitundika juu ukumbini, mahali ambapo milango ya vyumba vitatu hutazamana, ili mawimbi yapite milangoni badala ya kupambana na mawe. Kifurushi kikiwa bado cha 40, chumba cha nyuma kikapata 24 kwa masafa ya 5, mlango ukiwa wazi, na 12 kwa 2.4 ukifungwa. Mwezi uliofuata nilirudi kifurushi cha 20, na somo la binti yangu halijaganda tena. Kuna jirani aliyeshauriwa anunue ripita, kifaa cha kupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena. Nilimwomba asubiri, maana ripita ya kawaida hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu, na ikiwekwa pale ambapo mawimbi tayari ni hafifu hurudia uhafifu huohuo. Nawasihi pia wenye nyumba za kale wasikubali ukuta utobolewe ovyo kwa ajili ya waya. Tundu la dirisha na ufa wa mlango vinatosha.

Sisemi kwamba kila kasoro imo ndani. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, nchi nzima ilitaabika, na siku kama hiyo hakuna ruta ya kuhamisha. Wala sisahau kwamba matangazo huhesabu megabiti ilhali kompyuta mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kifurushi cha 20 kikishusha faili kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde kimetimiza ahadi yake. Ndiyo sababu nasisitiza kupima kwa waya kwanza: kasi ikiwa ndogo hata kwa waya, mteja ana haki ya kudai, ikiwa kamili, kumwongezea kifurushi ni kumtoza bure.

Ombi langu kwa kampuni hizo ni dogo. Fundi asikabidhi kazi kabla hajaulizia chumba ambacho mteja atasomea au kufanyia kazi, akaingia humo, akapima mbele yake kwa masafa yote mawili, akaviandika vipimo hivyo kwenye fomu ya makabidhiano. Aache na karatasi ya Kiswahili yenye anwani ya mipangilio na maelezo ya masafa hayo, kwa sababu kijitabu tulichoachiwa sisi kina lugha sita na Kiswahili hakimo. Na mhudumu wa simu, kabla hajataja kifurushi kikubwa zaidi, aanze kwa kuuliza: ruta iko wapi, na kati yake na wewe kuna kuta ngapi?

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mji Mkongwe, Bagamoyo