Barua kwa mwanangu anayeingia jangwani na kwadi

Mwanangu Lusajo,

Ugonile. Huku Uyole tupo, baridi ya mwezi wa saba unaijua, leo ukungu umeshuka mpaka choo cha nje hakionekani. Msg yako nimeisoma, kwamba wiki ijayo unatoka Windhoek, huko Namibia, na wenzako wa kazini mnashuka Swakopmund pwani kukodi kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, muingie jangwa la Namib. Mama yako kasikia jangwa akakaa kimya, na akikaa kimya unajua. Mi sikukatazi, ningekuwa umri wako ningeshawasha.

Ila kuna kitu niliwadanganya. Ile stori ya Usangu, gari ya mpunga ilipozama kwenye mto mkavu hadi ekseli, mi huwa nasema nilienda kutafuta msaada. Uongo. Nilipaniki. Nikaona taa ndogo kwa mbali nikamwambia utingo baki hapa, nikatembea usiku mzima na ile taa haisogei, maji nimeyaacha kwenye gari, asubuhi sijui nimetokea wapi. Utingo yeye kalala zake chini ya gari, wafugaji wakapita na ng'ombe wakaivuta, sa nne hivi gari ndo ikanikuta mimi chini ya mbuyu midomo imepasuka. Yani gari ilinitafuta mimi! Kijana wa watu hajawahi kumwambia mtu, Mungu ambariki.

Kwa hiyo kwadi ikizima usiiache, kaa kwenye kivuli chake, kitu kikubwa kinaonekana toka mbali kuliko mtu. Na maji yako ubebe mwenyewe mgongoni, usitegemee ya mwenzio.

Afu tairi za kwadi hazitaki upepo mwingi, hata PSI 10 za geji haufiki, akija mtu na pampu anataka kuzikaza mkatalie, kwenye mchanga tairi laini ndo inaelea. Ikianza kuzama usikanyage mafuta, unajichimbia kaburi, shuka uchote mchanga kwa mikono. Na yale matuta, upande unaopandia umelala lakini wa pili ni ukuta, vijana wanapaa juu kwa mbwembwe wanaangukiwa na mashine. Ukikaribia kileleni punguza, chungulia kwanza. Kile kibendera cha nyuma chenye fimbo ndefu usikitoe eti picha haipendezi, ndo kinachomwonyesha mwenzio wa upande wa pili kwamba upo.

Ukungu wa huko sio kama wetu, unatoka baharini, kuna mkondo wa maji baridi wa Benguela unapita ile pwani. Mvua ni ya nadra sana, eti kuna mbawakawa wanasimama kichwa chini matako juu ili umande uwatiririkie mdomoni, hao naomba uwapige picha. Ukungu ukikukuta simama tu.

Na ufuate njia ya aliyetangulia. Kwenye zile tambarare za kokoto alama ya tairi inakaa miaka na miaka, na kuna ule mmea wa welwitschia, majani mawili tu maisha yake yote, mingine imepita miaka 1,000, ukiukanyaga mi nitakuwa sina la kumwambia mtu.

Mkirudi Swakopmund nipigie hata usiku wa manane. Mama yako atasema alikuwa amelala, usimwamini.

Baba