Barua kwa mwanangu Zuhura: njoo umuage mama yako

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi tuko salama, ila upepo wa juzi umeng'oa bati mbili upande wa jikoni. Nimepata ujumbe wako kwamba tiketi ya Kanada imetoka, na kwamba umeona heri uondokee hapo hapo Dar bila kupita nyumbani Muheza, kwa sababu mama yako atalia, kisha atasahau, kisha atauliza tena na kulia upya. Nimeusoma mara nne. Sikubali. Njoo umuage.

Ile filamu ya Kanada uliyoniwekea kwenye flashi, Away from Her ya mwaka 2006, nimeitazama usiku yeye akiwa amelala. Ulitaka niione kazi unayoiendea. Mimi nimeona jingine. Yule mke, Fiona, wamemaliza kula, vyombo vimeoshwa, anachukua kikaango anakiweka kwenye friji la kugandisha, na mumewe Grant anamtazama tu. Hapo nilisimamisha. Wiki iliyopita nilikuta kandambili zangu kwenye ndoo ya unga, na mimi pia nilinyamaza. Mama yako alipoanza kusahau, hospitalini walituambia ni uzee tu, tukapoteza mwaka mzima.

Fiona anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee kwa hiari yake, na sheria yao ni kwamba siku 30 za mwanzo hatembelewi na mtu, ili azoee. Siku 30 tu, Zuhura, baada ya ndoa ya miaka zaidi ya 40! Grant anarudi na maua mkononi, anamkuta mkewe kashughulika na mwanamume mwingine, Aubrey, na yeye anapokewa kwa adabu kama mgeni. Wewe mkataba wako ni wa miaka miwili.

Na kuna ile sehemu ya garini, kabla hawajafika kwenye nyumba hiyo. Kikaango kimempotea, lakini wasichana wa chuo ambao mumewe alikuwa nao enzi za ualimu hawajampotea. Mambo ya Korogwe unayajua, siyarudii. Juzi mama yako hakukumbuka kama amekula, lakini aliniuliza, "Yule wa Korogwe bado yupo?" Nikamjibu hayupo. Akanyamaza, na mimi nikatoka nje. Kitakachobaki kichwani mwake hatukichagui sisi, mwanangu. Ukiondoka kimyakimya, itakuwaje kama hicho ndicho kitakachobaki?

Sarah Polley aliyeiongoza filamu hiyo alikuwa na miaka 27 tu, akaitoa kwenye hadithi ya mwandishi Alice Munro. Wewe una 29, ni muuguzi, mtihani wa Kiingereza umeupasua, na msikitini nimewatangazia wote. Lakini kwa mama yako unapiga simu dakika mbili.

Kwenye filamu hiyo mwimbaji k.d. lang anaimba Helpless, wimbo wa Neil Young, Mkanada mwenzake, uliotoka 1970. Wewe siku zote husema wimbo wa kurudiwa ni kopi. Mimi nimepiga gitaa la besi bendini miaka sita, na nusu ya nyimbo zetu za kila usiku zilikuwa kopi, kwa hiyo nisikilize. Anayerudia wimbo vizuri hauibi, anauingia na umri wake na majonzi yake. Mwimbaji huyu anauimba polepole, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Tena mtazame Tony Bennett, yule mwimbaji wa Marekani. Alzaima, ugonjwa wa kusahau, waliigundua kwake 2016. Agosti 2021, akiwa na miaka 95, alipanda jukwaani New York na mwimbaji Lady Gaga kuimba nyimbo kongwe, zilizotungwa binti huyo hajazaliwa. Kwa muda mrefu alikuwa hamtaji kwa jina. Binti alipotokea jukwaani, mzee akalitaja jina lake mbele ya watu. Gaga alisimulia mwenyewe kwamba nusura alie. Sasa nani amekuhakikishia kuwa mama yako atasahau? Nikimwekea Malaika, awe Fadhili William au Miriam Makeba, anaimba mpaka mwisho bila kukosea neno. Kukuaga atakusahau vipi, na hujaja hata kujaribu?

Nakujua, unaogopa kumwona akilia. Na mimi nilikuwa hivyo, nikawa nachelewa kurudi nyumbani. Usinifuate katika hilo.

Njoo Ijumaa, panda basi la asubuhi. Akikuuliza unakwenda wapi, mwambie Kanada. Akiuliza tena, mwambie tena. Ukishaondoka nitaendelea kumwambia mimi, kila atakapouliza, na sitachoka.

Uje na dawa zake za presha, za huku zimeadimika. Misumari ya bati nunua huko huko, kilo moja inatosha. Na betri kubwa nne za redio, umeme ukikatika jioni anakosa nyimbo zake na analala mapema mno.

Baba yako