Barua ya Wazi kwa Vijana wa Pemba Wanaoanza Kujifunza Ukerezaji wa Chuma

Assalaamu alaykum, wanangu.

Nimesikia kwamba baadhi yenu mliomaliza skuli mmeomba nafasi katika vyuo vya mafunzo ya amali ili mjifunze kukereza, yaani kuzungusha chuma kwenye mashine na kukikata kwa kisu, na kuchonga chuma, na wachache wenu mnatazamia kuvuka bahari kwenda Mbweni, Unguja, kusomea uhandisi wa mitambo katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 40, kwanza nikiwa msaidizi wa kufagia karakana, baadaye fundi, na mwishoni mwalimu wa wasaidizi wengine. Nimeona bora niwaandikie nyote kwa pamoja kwa sababu suali mnaloniletea barazani ni moja, nalo ni lini mtaruhusiwa kuishika mashine inayoendeshwa kwa kompyuta. Jawabu langu ni kwamba msiwe na haraka nayo, na mwaka wenu wa kwanza muutoe kwa mkono na kwa kipimo.

Kukereza si jambo la kigeni kwetu. Kabla ya chuma kuzungushwa kwa umeme, wakereza wa visiwa hivi walikuwa wakizungusha mti na kutoa miguu ya vitanda na vijiti vya madirisha ambavyo hadi leo watu wanavitazama kwa mshangao. Kinachoitenganisha kazi yao na hii mnayoiendea ni ukubwa wa kosa linalosameheka. Mguu wa kitanda ukizidi nusu milimita, hapana atakayejua, lakini shafti ya pampu, yaani mti wake wa chuma unaozunguka, ikizidi sehemu tatu tu za mia za milimita, ama haitaingia pahala pake, ama itaingia kwa kulazimishwa na kuungua siku ya mwanzo.

Mtapewa mchoro ulioandikwa tundu la 40 H7. Maana yake ni kwamba tundu hilo haliruhusiwi kupungua milimita 40 kamili wala kupita milimita 40.025, na kazi yako yote imo ndani ya nafasi hiyo ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Jicho haliwezi kuiona na kidole hakiwezi kuihisi. Ni chombo pekee kitakachokwambia umo au umetoka, na chombo hicho kitasema kweli ikiwa tu aliyekishika amefundishika.

Kwa hivyo ijueni maikromita, chombo cha kupimia unene kwa parafujo, kabla ya kuijua mashine yoyote. Parafujo yake husogea nusu milimita kwa kila mzunguko mmoja, na duara la nje limegawiwa mistari 50, kwa hivyo kila mstari ni sehemu moja ya mia ya milimita. Kuisoma ni kazi ya asubuhi moja, ila kuishika sawasawa ni kazi ya miezi, kwa sababu ukiikaza kupita kiasi inakubana kipimo, na ukiilegeza inakupa kipimo cha hewa. Chukueni kipande kimoja cha chuma, mkipime mara kumi, na muandike vipimo vyote kumi kwenye daftari bila ya kufuta hata kimoja. Kisha mpeni mwenzenu akipime naye bila ya kuliona daftari lenu. Mtakapokuta vipimo vinapishana, na mwanzoni vitapishana, msikichague kile kinachokupendezeni. Kaeni chini mtafute sababu: pengine ni vumbi, pengine chombo kimekaa upande, pengine ni mkono wenu umekipasha moto chuma.

Hilo la joto nataka nilizungumze kwa urefu, kwa sababu mimi lilinifedhehesha. Vipimo vyote vya urefu katika michoro ya dunia nzima vimekubaliwa kuwa ni vya chuma kilicho katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Karakana zetu za Pemba aghalabu zina nyuzi 30 na kupindukia. Pua, yaani feleji, ya urefu wa milimita 100 ikipanda nyuzi 10 hurefuka kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita, na aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Maikromita ya pua na kazi ya pua, yaani kipande mnachokichonga, vikikaa pamoja karakanani vinarefuka pamoja na havikudhuru kitu, lakini kazi ya aluminiamu au ya shaba inataka hesabu, na kazi iliyotoka chini ya kisu sasa hivi, bado inachoma mkono, hiyo isipimwe kabisa mpaka ipoe.

Mimi niliipima. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na mwenye mashua moja pale Mkoani aliniletea pampu ya maji ya kupozea injini, bushi yake, ile pete ambayo shafti huzunguka ndani yake, imelika. Nikamkerezea bushi mpya ya shaba yenye tundu la milimita 30, nikaacha nafasi ya sehemu tatu za mia ili shafti izunguke kwa wepesi, nikapima, nikaridhika, nikamkabidhi, kwa kuwa alikuwa akinihimiza awahi maji na mimi nilitaka kusifiwa kwa wepesi wangu. Bushi ilikuwa bado ya moto. Ilipopoa, tundu lilinywea kiasi cha sehemu mbili za mia, na ile nafasi niliyojivunia ikabaki kiasi cha sehemu moja tu. Usiku ule shafti iligandama, mkanda ukakatika, injini ikachemka, na chombo kikachukuliwa na mkondo mpaka alfajiri. Waliokuwemo walifika pwani salama, namshukuru Mola kwa hilo kila ninapolikumbuka. Mwenye mashua alikuja karakanani, akaiweka bushi juu ya meza yangu, asinitukane wala asinidai, akaondoka. Niliipima tena ikiwa baridi, nikaona nilichokifanya. Mpaka leo, mwanafunzi anayeniletea kazi ya moto namrudisha akae nayo kivulini.

Mtakapofika chuoni mtawekwa mbele ya jiriwa, chombo cha kubania chuma mezani, mpewe tupa na kipande cha chuma cha pembe nne, muambiwe mkinyooshe nyuso zake zote mpaka mwanga usipite chini ya rula. Mtakaa hapo kwa majuma, viganja vitatoka malengelenge, na wengine mtasema kwamba hamkuja chuoni kupiga tupa kama watu wa zamani. Nakuombeni mvumilie. Mkono uliozoea tupa unajua chuma kinapokatika vizuri na kinapokataa, na baadaye, mashine itakapoanza kutoa sauti ya mkwaruzo au kisu kitakapoanza kutetemeka, mtajua kabla ya kazi kuharibika. Elimu hii sijaona ikipatikana kwa njia nyengine.

Hisabati nayo msiikimbie. Kasi ya kuzungusha kazi haikisiwi, inapigwa hesabu: unachukua kasi ya kukatia kwa mita kwa dakika, unaizidisha kwa 1000, unagawa kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14. Chuma laini cha kipenyo cha milimita 40, kikikatwa na kisu cha pua ya kasi kwa mita 25 kwa dakika, kinataka mizunguko kama 200 kwa dakika. Anayekikata kwa 800 ataunguza kisu na kusema kwamba kisu ni kibovu. Vilevile mjue kwamba visiwa vyetu vimepokea mitambo kutoka nchi nyingi na nyakati nyingi, kwa hivyo mtakutana na parafujo za Kiingereza za mtindo wa Whitworth, wa tangu mwaka 1841, ambazo meno yake yana pembe ya nyuzi 55, na hizi za milimita zenye nyuzi 60. Kwa jicho zinafanana. Mkizilazimisha pamoja zinashika mizunguko miwili mitatu, kisha zinakula meno, na mtambo wa mwenyewe umeharibika mikononi mwenu.

Sasa niijie mashine ya kompyuta. Ya mwanzo ilioneshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT huko Marekani, ikisoma amri kwenye utepe uliotobolewa. Amri zake za leo ni herufi na nambari: G00 hukipeleka kisu kwa mbio bila ya kukata, G01 hukikatisha kwa mstari ulionyooka na kwa mwendo uliouchagua, G02 na G03 hukipitisha kwenye tao, moja kwa kufuata mshale wa saa na nyengine kinyume chake. Mashine hii inatii kila inachoambiwa. Ukiandika G00 pahala pa G01, kisu kitaivamia kazi kwa kasi yake yote, na katika baadhi ya mashine ukisahau nukta baada ya 40, itaelewa maikroni 40, yaani sehemu 40 za elfu za milimita, badala ya milimita 40. Isitoshe, kisu kinalika. Kazi ya kwanza itatoka sawa, ya hamsini itakuwa imeanza kukengeuka, na ni lazima awepo mtu wa kuinyanyua, kuipima, na kuiambia mashine isogee kwa kiasi gani. Mtu huyo ndiye anayelipwa, na anacholipiwa ni kile kipimo alichojifunza pale mwanzo alipodhani anapotezewa wakati. Huko Marekani kazi hii hufundishwa katika vyuo vya jamii, na kikongwe chao kilichodumu hadi leo kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Wanafunzi wa huko, pamoja na utajiri wa karakana zao, nao huanza na kusoma mchoro, hisabati ya karakana na kupima.

Katika usalama nina maneno machache, na hayana mjadala. Msivae glavu mbele ya mashine inayozunguka, kwa sababu ikishika glavu inauvuta na mkono. Msiuache ufunguo ndani ya taya zinazoshika kazi, hata kwa kupumzika kidogo. Mabinti zangu, ushungi na uchomekwe ndani ya koti, ncha zisininginie, na wavulana mfunge mikono ya mashati. Miwani ivaliwe tangu mnaingia hadi mnatoka. Vyombo vya kupimia navyo vina adui wetu sote wa pwani, yaani hewa ya chumvi na jasho la vidole. Vifuteni kila jioni, vipakeni mafuta mepesi ya mashine, na maikromita msiifunge ikagusana, iacheni uwazi kidogo ndani ya sanduku lake.

Wazazi wananiuliza kama kazi ipo. Nawajibu kwa ninachokiona: boti na mashua za Mkoani na Wete, kiwanda cha makonyo ya karafuu cha Wawi, pampu za visima, mashine za barafu za wavuvi, mashine za kusaga nafaka na za kusaga mwani. Kila kimoja kina shafti, bushi na beringi, na kila kinapoharibika, mwenyewe hungoja kipuri kivuke maji. Anayeweza kukitengeneza hapa hapa kwa kipimo sahihi hatokosa mteja, mwanamme au mwanamke. Wasichana wawili niliowafundisha walinishinda kwa utulivu wa mkono, na nasema hivyo mbele ya baba zao.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri huwa nipo karakanani kwangu Mkoani. Nina maikromita mbili na vipande vya chuma vya kutosha. Njooni na daftari tupu na kalamu kabla muhula haujaanza, tuanze na vile vipimo kumi.

Mzee wenu,
fundi mkereza mstaafu,
Mkoani, Pemba