Barua ya wazi kwa akina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), Rungwe

Wanangu,

Mugonile. Nasikia mnabishana kama mmoja wenu agombee uenyekiti wa kijiji, na wapo wanaosema tungoje kwanza wanaume watuzoee. Hilo la kungoja ndilo lililonishikisha kalamu.

Iceland mwaka 1980 haikufikisha watu laki mbili na nusu. Mwaka huo walimchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mama aliyekuwa akilea mtoto peke yake. Aliwashinda wanaume watatu kwa asilimia 33.8 tu ya kura, akakaa madarakani miaka 16. Wengi huanzia hapo kusimulia. Mimi naanzia nyuma: tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile waligoma, kazini na jikoni. Akina baba wakabeba watoto hadi ofisini. Kwa hiyo Vigdís alipojitokeza, alikuta wanawake waliokwisha kuzoea kusimama pamoja.

Wapo na wengine, kama Eugenia Charles, waziri mkuu wa Dominica kuanzia 1980 hadi 1995, na Hilda Heine, aliyechaguliwa kuwa rais wa Visiwa vya Marshall. Sitawachosha. Nyanda zetu hizi za Juu Kusini nazo zimetoa maspika wawili wa Bunge, Anne Makinda na Tulia Ackson, basi asije mtu akaniambia huku hakuna mbegu.

Ila kuwa mwanamke peke yake hakutoshi. Ameenah Gurib-Fakim, rais wa kwanza mwanamke wa Mauritius na msomi wa mimea, alijiuzulu 2018 kwa kashfa ya kadi ya benki aliyopewa na taasisi ya hisani, ingawa alikana kosa. Nchi ndogo haina pa kujificha. Kijijini ndiyo usiseme!

Ndiyo maana nataka jina litoke kikundini. Sanduku lenu la akiba lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na halifunguliwi mpaka wote wafike, hata kama mmoja kachelewa mpakani Kasumulu na ndizi zake. Anayefoka kwa kumsubiri mwenye ufunguo, huyo msimpe fomu ya kugombea. Mtafuteni yule anayesoma daftari kwa sauti na faini yake mwenyewe akaitaja.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao, msijibanze nyuma juu ya kanga mkinong'ona. Mmoja asimame aulize mapato na matumizi. Akikatizwa, asimame wa pili aulize hilo hilo.

Ni mimi bibi yenu,
Tukuyu