Yah: Programu yenu imeharibu picha halisi ya bibi yangu

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Mimi ni mteja wenu wa toleo la kulipia, huu ni mwezi wangu wa saba. Naandika kwa sababu programu yenu ya kuweka wanyama wa kuchekesha kwenye picha imeniharibia picha ambayo haiwezi kupigwa tena, na mara mbili nilizowaandikia nimejibiwa na mashine.

Picha hiyo ni ya marehemu bibi yangu. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, anacheka mpaka macho yamefumba. Bibi hakupenda kamera. Ukimwelekezea simu tu, alikaza uso na kuanza kurekebisha kilemba, kwa hiyo picha ya kicheko chake ninayo hiyo moja. Jumapili iliyopita wapwa zangu waliniomba nimwekee mbuzi, maana alikuwa akiwasimulia hadithi za mbuzi mkaidi. Nikamchagua yule mbuzi wenu anayechungulia begani, watoto wakafurahi, nikabonyeza “Hifadhi”.

Kesho yake nilipofungua albamu, picha ya awali haikuwepo. Ipo ile yenye mbuzi, na pembe yake moja imefunika sikio la kushoto la bibi pamoja na hereni. Kumtoa haiwezekani. Nilitafuta kwenye pipa la picha zilizofutwa, sikukuta kitu, kwa sababu programu haikufuta faili: iliandika juu yake, yaani iliweka picha mpya mahali pa ile ya zamani. Hata nakala iliyokuwa mtandaoni ilijisawazisha usiku uleule ikafuata ile iliyoharibika.

Majibu yenu yote mawili yalinielekeza kwenye kitufe cha kurudi nyuma. Kitufe hicho kinafanya kazi kabla hujafunga programu. Ukishaifunga, basi.

Nilitaka kujua kama tatizo ni langu au lenu, nikachukua picha nyingine, nikaijaribu kwenye simu nyingine, kwa programu yenu na kwa mbili za wenzenu. Ya kwanza ilitengeneza faili jipya pembeni ya lile la zamani, halikuguswa. Ya pili inamweka mnyama kwenye tabaka lake, juu ya picha: baada ya siku tatu niliifungua tena nikamhamisha bata kutoka kulia kwenda kushoto bila shida. Yenu ilimgandisha mnyama kwenye picha, halafu ikaipunguza. Picha iliingia na pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ilitoka na 1280 kwa 960, kama milioni 1.2 hivi. Tisa ya kumi ya picha imepotea, na hakuna mahali mlipomwambia mteja.

Tarehe nayo inafutwa. Kwenye albamu yangu bibi sasa anaonekana amepigwa picha Jumapili iliyopita. Hili limeniuma kuliko hata ile pembe.

Haki yenu nawapa: wanyama wenu ni wazuri kuliko wa wenzenu wote wawili. Manyoya ya mbuzi yanaonekana unyoya kwa unyoya, na kivuli chake kinaangukia upande uleule wa vivuli vingine pichani, wakati tumbili wa ile programu ya kwanza anaelea kama kipande cha karatasi kilichobandikwa. Ndiyo maana nililipia yenu.

Ila kuna jambo la ruhusa. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, kwa kawaida programu haibadilishi picha ambayo haikuitengeneza yenyewe bila kumuuliza mwenye simu, labda iwe imepewa ruhusa ya kusimamia mafaili yote. Yenu iliomba ruhusa hiyo siku ya kwanza na ikakataa kuendelea mpaka nikubali. Programu ya kuweka mbuzi begani inahitaji picha moja niliyoichagua mimi, na Android 13 ya mwaka 2022 ilileta njia ya kuchagua hiyo moja tu bila kufungua albamu nzima. Acheni kuomba mafaili yote.

Ninachotaka ni hiki. Kila anayebonyeza “Hifadhi” apate nakala mpya, yenye ukubwa na tarehe ya picha aliyoingiza, na picha halisi isiguswe. Mpaka marekebisho hayo yatoke, wekeni onyo kwenye kitufe hicho leo, kwa maandishi yanayosomeka. Ada yangu ya mwezi huu mnirudishie. Na mhandisi wenu, mtu na si mashine, aniambie kama programu ilibakiza popote kwenye simu nakala ya muda ya picha ya bibi kabla ya kuandika juu yake. Tangu Jumatatu sijapiga picha yoyote wala kupakua kitu kwenye simu hii, nisije nikaifunika kama bado ipo.

Nimeambatanisha picha yenye mbuzi na majibu yenu mawili. Nasubiri.

Mteja wenu